Jibu lije kabla ya uvumi: barua ya wazi kuhusu dawa za sonona na magonjwa ya virusi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA,
Kwa wakuu wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia,
Kampala.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Bwera, wilaya ya Kasese, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mpaka wa Mpondwe. Mimi ni afisa kliniki wa magonjwa ya akili. Kwangu hupita wenye kifafa, wenye sonona, wanaosikia sauti, wanaokunywa waragi mpaka mikono inatetemeka, na wajane wasiopata usingizi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotuwezesha kuelewana hapa: mgonjwa wa kwanza asubuhi huwa Mkonzo, wa pili amevuka kutoka Kasindi, upande wa Congo, wa tatu ni askari aliyezaliwa Arua.

Ninachoomba ni kitu kimoja, ingawa kina mkia. Kabla mlipuko mwingine haujaingia, nchi iwe na jaribio la kitabibu lililokwisha kuandikwa, kupitiwa na kamati ya maadili na kupewa kibali, lenye nafasi ya kupima dawa za zamani za bei nafuu dhidi ya virusi, dawa za sonona zikiwemo. Mkia wake ni kwamba siku jaribio hilo litakapofunguliwa, akiba ya wale wanaomeza dawa hizo kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa akili isiguswe.

Wapo watakaouliza dawa ya mawazo, kama watu wa huku wanavyoiita, inahusiana vipi na virusi. Dawa ya kwanza kabisa ya sonona, iproniazidi, ilikuwa dawa ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa TB waliopewa dawa hiyo walichangamka kupita ilivyotarajiwa, wakapata hamu ya kula, wakawa wanazunguka wodini, na miaka michache baadaye madaktari wa akili wakaichukua. Dawa kuhama idara ni jambo la kawaida. AZT iliundwa mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani, ikawekwa kando, ikaja kuruhusiwa kwa VVU mwaka 1987. Na deksamethasoni, ambayo kila kituo cha afya inaijua, ndiyo iliyoonyeshwa Uingereza mwezi Juni 2020 kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa wagonjwa wa Korona waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Sindano ya bei ndogo, ya miaka mingi, haina tajiri wa kuitangaza.

Upande wa dawa za sonona, maelezo ya kisayansi hayana uchawi. Virusi vingi huingia kwa kumezwa na seli, vikafungiwa ndani ya kifuko chenye asidi, na humo ndimo vinamotoboa ili vitoke vikazaliane. Fluoksetini, setralini na amitriptilini zina tabia ya kujikusanya kwenye vifuko hivyo hivyo na kuvuruga kimeng'enya kinachoshughulikia mafuta ya utando wake. Virusi vikikuta utando umebadilika, vinaweza kukwama. Fluvoksamini ina njia nyingine ya ziada: hushika kipokezi kiitwacho sigma-1, ambacho hutuliza makali ya mwili unapojishambulia wenyewe. Tuliohudumia wodi za Korona mwaka 2021 tunajua kuwa wengi hawakuuawa na virusi peke yake.

Hayo ni ya maabara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichuja dawa na kemikali zipatazo 2,600 wakitafuta zinazozuia Ebola. Setralini ilikuwa miongoni mwa zilizobaki kwenye chujio, na panya walioambukizwa Ebola kisha wakapewa setralini walinusurika kwa asilimia 70. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu setralini ni dawa ambayo mtu anaweza kuikuta kwenye famasi ya mjini. Lakini panya ni panya, na vitu vingi huua virusi ndani ya chupa. Jik ya kung'arishia nguo pia inaua. Kinachopaswa kuulizwa ni kama kiasi cha dawa kinachohitajika kuzuia virusi kinaweza kufikiwa ndani ya damu ya mtu bila kumdhuru mtu mwenyewe.

Swali hilo Uganda imewahi kulijibu, tena vizuri, na nashangaa jinsi tusivyojivunia. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuvu, homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi inayowashambulia watu wenye VVU, lakini dawa ilikuwa hii hii setralini na njia ilikuwa hii hii ninayoisema. Kwanza maabara ilionyesha kwamba setralini inaua kuvu. Kisha likafuata jaribio dogo la wagonjwa 172 hapa nchini, lisilo na kundi la kulinganisha, na kuvu ikaonekana kutoweka kwenye maji ya uti wa mgongo haraka kuliko ilivyokuwa katika tafiti za nyuma. Hapo ndipo pa hatari. Nchi nyingine, wakati mwingine, wangeishia hapo: mkutano na waandishi wa habari, picha ya pamoja, dawa ikaanza kugawiwa.

Watafiti wetu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota, hawakuishia hapo. Kati ya mwaka 2015 na 2017 walifanya jaribio kamili, Mulago ikiwa mojawapo ya hospitali zake, nusu ya wagonjwa wakipata setralini juu ya matibabu ya kawaida na nusu kidonge kisicho na dawa, mgonjwa na daktari wote wasijue nani kapata nini. Dozi ilikuwa kubwa, miligramu 400 kwa siku kwa wiki mbili, mara mbili ya kiwango cha juu ninachoruhusiwa kumwandikia mgonjwa wa sonona. Walipofikia watu 460 jaribio likasimamishwa, kwa sababu kanuni ya kusimamisha ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo na matokeo yalikuwa yameigusa: ndani ya wiki 18 walikuwa wamefariki 120 kati ya 229 waliopewa setralini, na 106 kati ya 231 waliopewa kidonge kitupu. Dawa haikusaidia.

Waheshimiwa, mimi nalihesabu hilo kama ushindi mkubwa. Bila jaribio lile, leo kila mgonjwa wa kriptokokasi angekuwa anamezeshwa setralini ya bure isiyomsaidia, na sisi tungekuwa tunashukuru. Jibu la hapana lililopatikana mapema huokoa watu na huokoa fedha, na lilitolewa na Waganda, kwa wagonjwa wa Uganda, wengi wao wakiwa na miili iliyodhoofika ambayo wagonjwa wa hospitali za Ulaya wasingeweza kuiwakilisha.

Sasa tazameni Korona. Jaribio dogo la Marekani mwaka 2020, watu 152, lilionyesha kwamba kati ya 80 waliopewa fluvoksamini hakuna aliyezidiwa, huku sita kati ya 72 wa kidonge kitupu wakizidiwa. Likafuata jaribio kubwa la Brazil liitwalo TOGETHER, karibu watu 1,500, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku kumi. Waliohitaji kukaa chumba cha dharura zaidi ya saa sita au kupelekwa hospitali kubwa walikuwa asilimia 11 kwa waliopata dawa na asilimia 16 kwa wasioipata. Dunia ikashangilia. Kisha majaribio ya Marekani, kwanza kwa dozi ya nusu yake na baadaye kwa dozi ile ile ya Brazil, hayakuona faida. Hata kabla matokeo hayo hayajachapishwa, Mei 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imekataa kuiruhusu kwa Korona, na Julai mwaka huo huo WHO ikashauri isitumike nje ya utafiti.

Je, Brazil walikosea? Sidhani. Watu wao wengi hawakuwa wamechanjwa, na kipimo chao cha mafanikio, kukaa chumba cha dharura saa sita, kilitegemea hali ya hospitali zao wakati ule. Wamarekani waliwapima watu waliochanjwa zaidi, virusi vikiwa vimebadilika, na wengi wangepona kwa vyovyote. Tofauti hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Jibu la nchi moja na wakati mmoja haliwezi kubebwa hivi hivi kuletwa Kasese. Jaribio la dawa za Korona liitwalo ANTICOV, lililotangazwa Novemba 2020 kwa nchi 13 za Afrika, Uganda ikiwemo, lilikuja kuongeza fluoksetini pamoja na budesonidi, dawa ya pumu ya kuvuta, kwenye orodha yake, lakini wimbi likawa limeshapungua. Wagonjwa wa kutosha hupatikana mlipuko unapopanda, na makaratasi yetu huwa tayari unaposhuka.

Mfano wa hilo mnao ninyi wenyewe. Septemba 2022 Ebola ya aina ya Sudan ilipotangazwa Mubende, hakukuwa na chanjo iliyoidhinishwa wala dawa iliyoidhinishwa kwa aina ile. Dawa za Inmazeb na Ebanga, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2020, ni za aina ya Zaire. Dozi za kwanza za chanjo ya majaribio zilifika Entebbe tarehe 8 Desemba, zaidi ya wiki moja baada ya mgonjwa wa mwisho kuruhusiwa kwenda nyumbani. Watu 164 walikuwa wameugua, kwa hesabu ya waliothibitishwa na waliodhaniwa, na 77 walikuwa wamefariki. Lakini mlijifunza. Tarehe 30 Januari 2025 mlipotangaza Ebola Kampala, baada ya kifo cha muuguzi wa Mulago, jaribio la chanjo lilianza tarehe 3 Februari. Siku nne! Dozi zilikuwa zimeshawekwa nchini na andiko la jaribio lilikuwa tayari. Nani alisema Uganda haiwezi?

Basi ninachouliza ni kwa nini utayari ule uwe wa chanjo tu. Gulu mwaka 2000 tulipoteza watu 224 kwa Ebola, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor akiwa mmoja wao. Hapa kwetu Kasese, Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka na familia yake kutoka Congo ndiye aliyetufungulia kurasa za magazeti ya dunia. Itakuja tena, kama si Ebola basi Marburg au kitu ambacho bado hakina jina. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe iliyokuwa ikiwatafuta mbu tangu 1936, na ambayo virusi vya Zika vilitambuliwa mara ya kwanza kwa kazi yake mwaka 1947, haihitaji kufundishwa na mtu kuhusu virusi vipya.

Niwaeleze sasa kwa nini mtu wa idara ya akili ndiye anayepiga kelele, wala si daktari wa maambukizi.

Mwishoni mwa mwaka 2021, habari za Brazil zilipofika kwenye WhatsApp za huku, nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya famasi moja ambayo sitaitaja. Akaingia kijana wa bodaboda na simu yenye kioo kilichopasuka, akimtafutia dawa mzee aliyekuwa mgonjwa nyumbani. Akaionyesha: jina la fluvoksamini, chini yake “100 mg asubuhi, 100 mg jioni”. Muuzaji hakuwa nayo. Hata mimi sijawahi kuiona kwenye rafu ya hospitali ninayofanyia kazi. Muuzaji akasema iko ndugu ya dawa hiyo, akashusha boksi la fluoksetini ya miligramu 20, akachukua kikokotoo. Tano asubuhi, tano jioni. Akaanza kukata karatasi za vidonge kwa mkasi.

Dozi ya juu kabisa ya fluoksetini kwa mtu mzima ni miligramu 80 kwa siku. Mzee yule aliyekuwa akingojea nyumbani alikuwa anaandaliwa 200. Nikajitambulisha, tukabishana kidogo, kijana akaondoka na panadol na hasira. Sina shaka alikwenda duka la pili. Na kama angeipata fluvoksamini yenyewe? Watu wengi wa umri wa mzee yule humeza aminofilini kwa ajili ya pumu, nayo fluvoksamini huizuia isitoke mwilini, kiwango chake kikapanda hadi moyo kwenda mbio na hata mtu kupata degedege. Ujumbe wa WhatsApp haukuwa na mstari huo.

Wiki zile zile akaja mwalimu wa shule ya msingi, mgonjwa wangu, mama aliyekuwa ameanza kurudi darasani baada ya miezi mingi ya kulala akitazama ukuta. Kwenye dirisha la hospitali dawa ilikuwa imeisha, jambo ambalo tumelizoea. Lakini safari hii hata famasi zilikuwa tupu, na palipobaki bei ilikuwa si ya mwalimu. “Musawo, nimeambiwa ngoja,” akasema, yaani daktari. Alingoja. Aliporudi kwangu aliletwa na mume wake, haongei.

Jambo moja la pembeni ambalo bado linanichekesha na kuniuma kwa pamoja: watu waliokuwa wakiita kliniki yangu ya wehu, ambao hawangepita hata mlangoni kwake mchana, mwezi ule walikuwa wakinipigia simu usiku kuulizia vidonge.

Mlipuko wenyewe huongeza wagonjwa wangu. Waliopona Ebola hurudi kijijini wakakuta godoro limechomwa, jirani anahamisha kiti, na ndoto za hema jeupe haziishi. Wahudumu waliovaa yale mavazi ya kujikinga nao huja, kimyakimya. Kwa hiyo wakati ule ule ambapo uvumi unazichukua dawa za sonona, sonona yenyewe inaongezeka. Mtu akiamua kuzigawa kwa ajili ya virusi bila kuwa na jibu, anamnyang'anya mwenye haja ya hakika ili ampe mwenye haja ya kubahatisha.

Ndiyo maana siombi dawa hizi ziruhusiwe kwa virusi. Naomba zipimwe, na zipimwe mapema kiasi kwamba jibu, liwe ndiyo au hapana, litangulie WhatsApp. Andiko liseme dozi na liseme damu itapimwa kuona dawa imefikia kiwango gani, kwa kuwa mtu wetu aliye kwenye ARV au mwenye utapiamlo hachakati dawa kama mtu wa Minas Gerais kule Brazil. Liseme siku ya ugonjwa ambayo dawa itaanza, maana dawa ya kuzuia virusi visiingie kwenye seli haina kazi kubwa kwa mtu aliyeletwa siku ya tisa. Kanuni ya kusimamisha iandikwe kabla, kama walivyofanya wa setralini. Na fomu ya ridhaa iwe kwa lugha ambazo watu wa mpakani wanazisikia. Fomu ya Kiingereza inayosomewa mtu mwenye homa na kutafsiriwa na mlinzi wa geti mimi siiiti ridhaa.

Fedha? Hapa nitasema wazi. Hakuna kampuni itakayokuja kulipia. Hatimiliki ya fluoksetini ilikwisha Marekani tangu 2001, na hakuna anayetajirika kwa kuthibitisha kwamba kidonge cha bei ndogo kinafanya kazi ya pili. Jaribio la Brazil lililipiwa na wafadhili, si na wauza dawa. Kazi ya namna hii ni ya serikali, au haifanyiki. Kulinganisha na tulichotumia mwaka 2021 kwa oksijeni na kwa wagonjwa waliouza mashamba kulipa bili za vyumba mahututi, andiko na mikutano ya kamati ni gharama ndogo.

Kwa NDA nina neno lao peke yao. Juni 2021 mliruhusu Covidex, dawa ya mitishamba, itumike kama msaada wa matibabu mkasema wazi si tiba, lakini mtaani likasikika neno “imeruhusiwa” tu. Kwa dawa za sonona, uvumi ukianza, toeni tamko siku ile ile, redioni, kwa Lhukonzo, Kiswahili, Luganda na nyinginezo, likitaja dawa kwa jina na madhara yake kwa jina. Zuieni maduka madogo yasiyo na mfamasia yasiziuze. Sheria ipo, kinachokosekana ni mtu wa kupita na kukagua. Na Bohari ya Taifa ya Dawa itenge akiba ya hospitali zenye kliniki za akili, iliyofungwa kwa ajili hiyo, ambayo hata kikosi kazi cha mlipuko hakiwezi kuigusa bila sahihi ya mkuu wa huduma za afya ya akili.

Nimeuliza wilayani kama andiko la namna hii lipo au linaandaliwa, na kila ofisi imenielekeza ofisi nyingine. Naomba jibu la maandishi: liko kwenye meza ya nani, na kama haliko, ni nani atakayelianza kabla bajeti ya mwaka ujao haijasomwa Juni? Mkihitaji mtu wa kusoma rasimu upande wa dozi na mwingiliano wa dawa, sisi maafisa kliniki wa akili tuko wilayani, na tunazijua dawa hizi kwa wagonjwa wenyewe.

Wenu katika kazi,

Afisa kliniki wa magonjwa ya akili,
Bwera, Kasese